Mahakama Mbili: Kusadikika na Mabepari wa Venisi katika Elimu ya Uraia

Elimu ya uraia, kama ilivyozoeleka katika shule za Tanzania, huanza kwa fasili. Mwanafunzi huambiwa serikali ni nini. Huambiwa kuwa mihimili ya dola ni mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama. Huambiwa kuwa mifumo ya uchumi ni ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na ujamaa. Na mwisho huambiwa kuwa katiba ni sheria mama. Fasili hizo si za uongo, nazo zina manufaa yake siku ya mtihani. Walakini zina upungufu mkubwa, kwa kuwa humpa mwanafunzi jawabu kabla hajalipata swali. Hajui ni dhiki gani iliyowafanya watu watake mahakama iwe mbali na serikali, wala ni hofu gani iliyowafanya waiandike mipaka ya mtawala badala ya kutegemea wema wake. Hujifunza majina ya vitu pasipo kuvijua visa vyake, na jina lisilo na kisa halikai moyoni.

Maandishi ya Kiswahili yana visa hivyo. Viwili kati yake vinafaa kuwekwa pamoja, ijapokuwa ni nadra kuonekana vimekaa rafu moja: *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951, na *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Kila kimoja kina kesi ndani yake, na katika kila kimoja mshtakiwa huokoka. Namna anavyookoka katika kitabu cha kwanza ni tofauti kabisa na namna anavyookoka katika cha pili, na katika tofauti hiyo yamo mambo mengi ambayo somo la uraia hutafuta kuyafundisha bila ya kufaulu.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, raia wa nchi hiyo, ameshtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama hajitetei kwa kukana. Hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kila mmoja upande wake kwenda kutazama jinsi nchi nyingine zinavyoendeshwa na kurudi na mambo ya kuifaa Kusadikika. Kila mjumbe alirudi na elimu, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Mwisho Karama huachiliwa, na wale waliofungwa hufunguliwa.

Yafaa kukumbuka wakati kitabu hiki kilipotoka. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwako tangu mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliteuliwa kuingia humo mwaka 1945, na hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1958 na 1959, nao ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura akilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani katika utumishi wa serikali hiyo. Haishangazi, basi, kwamba nchi aliyoiandika aliiweka angani. Wahakiki wengi wamekwisha kulisema jambo hilo, na wengi wameridhika nalo: kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya wakoloni iliyovikwa vazi la hadithi, na kazi ya msomaji ni kulivua vazi hilo.

Usomaji wa namna hiyo una ukweli, lakini hukifupisha kitabu. Ukimfanya mwanafunzi atafute tu nani ni nani, akishampata mkoloni hukifunga kitabu kwa furaha, kwa kuwa mkoloni amekwisha kuondoka. Maswali makubwa ya *Kusadikika* hayahusu asili ya watawala. Yanahusu mpango wa baraza lenyewe. Mshtaki ni waziri wa mfalme. Hakimu ni mfalme huyo huyo. Na sheria inayodaiwa kuvunjwa hutoka kinywani mwa hao hao wawili. Hapo mwanafunzi aliyekariri mihimili mitatu ya dola huweza kuiona kwa mara ya kwanza, kwa sababu anaiona pale isipokuwako. Hahitaji tena kuambiwa kuwa mgawanyo wa madaraka ni jambo jema. Amemwona Karama akisimama mbele ya mtu ambaye ni mshtaki, mtunga sheria na hakimu kwa pamoja.

Kosa la Karama nalo lastahili kutazamwa kwa makini. Hakuua, hakuiba, wala hakuchukua silaha. Alifundisha. Aliwataka watu waijue sheria, na Majivuno alifahamu kuwa watu wakiijua sheria wataanza kumpima waziri kwayo. Wajumbe sita, kwa upande wao, ni wanafunzi wa mifumo ya utawala: walikwenda kulinganisha. Kwa hiyo kitabu hiki kina habari za somo la uraia lenyewe, na za hatari inayomkabili anayelifundisha kwa ukweli. Mwalimu anayelifundisha kwa fasili tupu hana hatari hiyo, kwa sababu fasili haimwulizi waziri neno.

Baada ya kukisifu kitabu kwa haki yake, hapana budi kusema pia pale kinapopungukiwa. Karama hushinda, lakini hushinda kwa ufasaha wake na kwa moyo wa mfalme kulainika. Hakuna sheria iliyomlinda wakati wa kesi, na hakuna panapoelezwa chombo kitakachomlinda Karama mwingine atakayeshtakiwa mwaka unaofuata mbele ya mfalme mwenye moyo mgumu. Wafungwa hufunguliwa kwa hisani, na aliyetoa kwa hisani huweza kunyima kwa ghadhabu. Shaaban Robert aliamini sana nguvu ya neno jema juu ya moyo wa binadamu, na imani hiyo ndiyo uzuri wa nathari yake. Lakini katika jambo la utawala imani hiyo humwacha msomaji na raha isiyo na dhamana. Hakimu amekuwa mwema. Mpango wa baraza haukubadilika.

Mabepari wa Venisi yana kesi ya namna nyingine. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara mkubwa, hana fedha taslimu kwa kuwa mali yake yote iko baharini ndani ya merikebu. Anakopa dukati elfu tatu kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, kwa muda wa miezi mitatu, na hati ya deni yasema kuwa akishindwa kulipa Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wake. Habari zinafika kwamba merikebu zimepotea, na Shylock anakuja mahakamani kudai haki ya hati yake.

Jambo la kwanza la kuhakikiwa ni jina. Kwa Kiingereza mchezo huu una jina la mfanyabiashara mmoja. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, nao wamekuwa mabepari. Neno *bepari* liliingia katika Kiswahili kutoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mchuuzi au mfanyabiashara, wala halikuwa tusi. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa katika makamusi ya kabla ya uhuru. Walakini tafsiri ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na baada ya benki kutaifishwa. Wakati huo bepari alikuwa amekwisha kuwa mnyonyaji, na msomaji wa shule hakuweza kulisoma neno hilo kwa maana ya zamani hata kama angeijua. Nyerere alikuwa mwandishi wa Azimio na mfasiri wa mchezo. Ni vigumu kudhani kwamba hakuusikia mlio wa neno alilolichagua.

Je, uchaguzi huo ni kosa la tafsiri? Mtu anayetaka uaminifu wa neno kwa neno atasema ndiyo, kwa kuwa umoja umegeuzwa wingi. Lakini wingi huo una hoja ndani yake. Katika mchezo wenyewe Antonio na Shylock huchukiana kwa sababu ya riba: Antonio hukopesha bila ya riba na kwa hiyo huishusha bei ya fedha mjini, naye Shylock huona kuwa riziki yake inaharibiwa. Msomaji wa pwani, ambaye amelelewa akijua kuwa riba ni haramu, hupendelea upande wa Antonio mara moja. Kichwa cha Kiswahili humzuia asipendelee kwa haraka. Humwambia kuwa wote wawili ni mabepari. Mmoja anatajirika kwa mkopo, na mwingine kwa merikebu zinazonunua kwa bei rahisi na kuuza kwa bei ghali. Hasara ya kichwa hicho ni kwamba huificha tofauti ambayo mwanafunzi wa uchumi anapaswa kuijua: kuna biashara na kuna ubepari, na biashara ilikuwako katika miji ya Kilwa, Lamu na Unguja karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya. Lugha inayotumia neno moja kwa mambo hayo mawili inamtaka mwalimu ayatenganishe kwa maelezo, na aghalabu mwalimu hafanyi hivyo.

Somo la uchumi katika mchezo huu haliishii hapo. Mbele ya mahakama Shylock anasema neno ambalo halijibiwi na mtu yeyote. Anawakumbusha wakubwa wa Venisi kuwa wao wana watumwa waliowanunua, na kwamba wanawatumikisha kama punda na mbwa wao. Akiwaambia wawaache huru na kuwaozesha warithi wao, watamjibu kuwa watumwa ni mali yao. Basi ratili ya nyama aliyoinunua yeye ni mali yake pia. Mtawala wa Venisi hana jawabu, na kesi huendelea kana kwamba halikusemwa neno. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anasoma maneno hayo katika nchi ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ambako hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Hapana fasili ya mfumo wa utumwa itakayomfunza zaidi ya ukimya ule wa mahakama. Atatambua kuwa swali la kwanza la kila mfumo wa uchumi ni kitu gani kinaweza kuwa mali, na nani aliyekubaliana na jambo hilo.

Sasa yafaa kurudi kwenye sheria. Antonio mwenyewe, akiwa amekamatwa, anakiri kuwa mtawala hawezi kuizuia sheria isifuate njia yake, kwa sababu biashara ya Venisi imesimama juu ya wageni wa mataifa mbalimbali, na wageni wakinyimwa haki watauona mji ni wa dhuluma. Portia, aliyekuja kwa kujigeuza kuwa mwanasheria wa kiume, anasema vilevile: hakuna uwezo katika Venisi wa kuitangua amri iliyokwisha kuwekwa. Tofauti na Kusadikika ni kubwa. Mfalme wa Kusadikika aweza kumfungua Karama akipenda. Mtawala wa Venisi hawezi kumfungua Antonio hata akipenda. Sheria imekaa juu yake. Na sababu iliyoiweka juu ni ya uchumi: mfanyabiashara haleti mali yake mahali ambapo mkataba huvunjwa kwa neno la mkubwa. Hapo mambo matatu ambayo vitabu vya shule huyaweka katika sura tatu mbalimbali, yaani serikali, uchumi na asili ya katiba, yanaonekana kuwa ni jambo moja.

Walakini Venisi nayo ina aibu yake. Waswahili husema sheria ni msumeno, na ule wa Venisi unamrudia Shylock. Kwanza Portia anaonyesha kuwa hati inataja nyama pasipo kutaja damu. Kisha anafunua sheria nyingine: mgeni akithibitika kutafuta roho ya raia, nusu ya mali yake ni ya yule raia na nusu ni ya dola, na roho yake iko mikononi mwa mtawala. Shylock alizaliwa pengine katika mji huo huo, amefanya biashara katika soko lake, amelipa anayopaswa kulipa. Lakini siku ya hukumu yeye ni mgeni. Sheria iliyokuwa juu ya mtawala haikuwa sawa kwa watu wote. Juu ya hayo, Portia ni mke wa Bassanio, ambaye deni lilichukuliwa kwa ajili yake, na hakuna mahakamani anayejua kuwa mwanasheria ana maslahi katika kesi. Mwisho Shylock hulazimishwa kuiacha dini yake. Vicheko vya mchezo visimzuie mwanafunzi kuuliza kama hiyo ni hukumu au ni kisasi.

Neno *raia* lenyewe lina fundisho. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuchunga, na kwa asili raia ni wale wanaochungwa na mfalme kama kundi na mchungaji wake. Katika Kusadikika Karama ni raia kwa maana hiyo: yumo chini ya ulinzi wa mfalme na chini ya fimbo yake. Katika Venisi raia ni mtu aliye ndani ya uzio wa sheria, na Shylock yuko nje yake. Kiswahili cha zama za uhuru kilipenda zaidi neno *mwananchi*, mtoto wa nchi, ambaye hachungwi bali ana urithi. Hata hivyo somo lenyewe limeitwa uraia, na jina hilo limebeba maana zote tatu. Mwalimu akiziweka maana hizo mbele ya darasa na kuwauliza wanafunzi wao ni raia wa namna gani, atakuwa amelianza somo.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno *katiba*. Waarabu wa leo huiita katiba kwa neno *dustur*, lenye asili ya Kiajemi. Neno hilo hilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki likawa *desturi*, yaani mazoea ya watu. Kiswahili, kilipohitaji jina la sheria kuu ya nchi, hakikuichukua desturi bali kilichukua neno la mzizi wa kuandika. Hivyo katika Kiswahili desturi ni ile inayofuatwa bila ya kuandikwa, na katiba ni ile iliyoandikwa, nayo yaweza isifuatwe. Nchi yenye katiba isiyokuwa desturi ina karatasi. Nchi yenye desturi isiyokuwa katiba imo katika hisani, kama Kusadikika.

Ukiwa na mahakama hizo mbili mkononi, historia ya katiba ya Tanzania husomeka kwa namna nyingine. Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 ilitolewa kwa amri ya Malkia wa Uingereza katika Baraza lake. Ile ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilipitishwa na wabunge waliogeuka kuwa Bunge la Katiba. Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 ilifuata Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyoweka mfumo wa chama kimoja, nayo ilipitishwa na Bunge la kawaida. Katiba ya kudumu ya mwaka 1977 ilitayarishwa na tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, tume ile ile iliyokuwa imetayarisha katiba ya Chama Cha Mapinduzi, ikapitishwa na wabunge waliokuwako, wakikaa kama Bunge Maalumu. Mwanafunzi hukariri miaka hiyo vizuri sana. Mara chache huulizwa swali ambalo Karama angeliuliza: katika kila mwaka huo, nani alikaa barazani, na nani alisubiri nje?

Lipo na jambo la haki. Tanganyika ilipata uhuru bila ya orodha ya haki za binadamu katika katiba yake. Viongozi walikuwa na hoja: orodha hiyo ingewapa mahakimu, ambao wakati ule wengi walikuwa wageni, nafasi ya kuizuia serikali katika kazi ya kujenga nchi. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Lakini mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kushtakiwa, na aliyewekwa humo alikuwa katika hali ya wajumbe wa Kusadikika: kufunguliwa kwake kulitegemea moyo wa mkubwa. Haki ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, baada ya mjadala wa nchi nzima, na mahakama ziliruhusiwa kuzisimamia kuanzia mwaka 1988. Kati ya uhuru na mwaka huo ilipita miaka 27. Mfasiri wa *Mabepari wa Venisi*, aliyeyaandika kwa Kiswahili maneno ya Portia kuhusu mtawala asiyeweza kuitangua sheria, alikuwa Rais kwa muda mwingi kati ya miaka hiyo. Kulisema jambo hilo si kumvunjia heshima. Ni kuipa tafsiri yake uzito unaostahili, kwa maana alijua alichokifasiri, na ni katika uongozi wake marekebisho ya 1984 yalipopitishwa.

Matini ya Kiswahili ya Katiba yenyewe inaweza kusomwa baada ya vitabu hivi viwili kama kitabu cha tatu. Ibara ya 13 yasema kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Imesema watu, haikusema raia, na Shylock angepata pa kusimama. Ibara ya 5 inayohusu kupiga kura, na ya 17 inayohusu uhuru wa kwenda popote nchini, hutaja raia. Darasa likipewa kazi ya kutafuta mahali palipoandikwa *mtu* na mahali palipoandikwa *raia*, na kueleza kwa nini, litajifunza zaidi ya kurasa kumi za fasili. Ibara ya 3 nayo yasema kuwa nchi ni ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Mwanafunzi anasoma *kijamaa*, kisha anatoka nje na kuziona benki za watu binafsi, zilizoruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1991. Akifungua ibara inayofasili maneno ataona ujamaa ukielezwa kwa demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Katika fasili hiyo njia kuu za uchumi, ambazo Azimio lilizitaka ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, hazikutajwa. Neno limebaki, maana imehama, kama *bepari* alivyohama kutoka dukani kwenda kwenye matusi. Mwalimu asiyelieleza jambo hilo humfundisha mwanafunzi wake kwamba maneno ya Katiba si ya kuaminiwa.

Patakuwapo watakaopinga. Watasema kuwa fasihi si kitabu cha sheria, na kwamba kuitumia kufundishia uraia ni kuidhalilisha. Pingamizi hilo ni la kweli kwa mwalimu anayetafuta mafumbo tu na kuyageuza kuwa orodha ya mafunzo. Halina nguvu kwa anayewaacha wanafunzi waisikie kesi mpaka mwisho, pamoja na yasiyopendeza ndani yake: hisani ya mfalme, hila ya Portia, ukimya wa wenye watumwa. Wengine watasema kuwa masomo hayo mawili hayana lugha moja. Hilo ni zito zaidi. Somo la Siasa lilifundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na mahali pake pakachukuliwa na somo la uraia, sekondari zikalifundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyeanza kuyajua maneno *raia*, *haki* na *katiba* katika shule ya msingi aliyaacha mlangoni mwa kidato cha kwanza, akaanza kukariri mengine yasiyokuwa na historia katika masikio yake. Wakati huo huo, katika darasa la Kiswahili la shule ile ile, vitabu kama *Kusadikika* vilisomwa kwa ajili ya wahusika, dhamira na tamathali za semi.

Jambo linalotakiwa, basi, si kuandika vitabu vipya vingi. Vitabu vipo. Linalotakiwa ni mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa uraia wakae meza moja, na kesi ya Karama isomwe kwanza, ifuatwe na ya Shylock, kisha Katiba ifunguliwe. Mwaka 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na Katiba ya 1977 ikabaki katika kazi. Vijana waliokuwa darasani mwaka ule sasa ni wapiga kura. Siku watakapoulizwa tena wanataka katiba gani, hawatasaidiwa na kukumbuka kuwa katiba ni sheria mama. Watahitaji kujua mambo mawili: kwamba hakimu mwema hatoshi pasipo sheria iliyo juu yake, na kwamba sheria iliyo juu ya mtawala haitoshi ikiwa imemwacha mtu mmoja nje ya mlango. La kwanza limo katika Kusadikika, la pili limo katika Venisi, na yote mawili yameandikwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kukisoma.